Mwanamke Mwenye Mizani

Harufu ya gundi ya ngozi siivumilii hadi leo. Nikifungua mzigo wa mikoba mipya dukani kwangu Mwanza, narudi Shiling, kule Uchina, nina miaka minane, kwenye karakana walikomshonea Mama mizigo yake.

Mikoba ya msimu ule ilipambwa kwa sarafu tatu za shaba, za kuigiza zile za Warumi wa kale. Kila sarafu ilikuwa na mwanamke. Mama alinifundisha majina yao: mwenye ua ni Tumaini, mwenye masuke ya ngano ni Uaminifu, mwenye mizani ni Haki. Nilimpenda Haki kupita kiasi. Msinicheke, nilidhani anauza sato, kama wapima samaki wa kwetu.

"Sampuli ndiyo mkataba," Mama alizoea kusema. Mkoba mmoja wa mfano alikaa nao yeye; wa pili ulitundikwa asubuhi moja juu ya cherehani ya Mei, fundi aliyekuwa akinimenyea machungwa Mama akibishana bei. Mei alipokwenda kuchota maji ya moto, kabla hajautazama vizuri, nilichukua mkasi wake, nikakata uzi ulioshika sarafu ya Haki, nikang'oa hata ncha za uzi ili alama isibaki. Haki nikamtia ndani ya soksi.

Wiki mbili baadaye tulikuta mikoba yote ina sarafu mbili. Mei alishona alichokiona. Bandarini Huangpu kontena lilikuwa linasubiri.

"Laoban, hii siyo!" Mama alimfokea bosi, akiinua sampuli yake. "Tatu! Ya tatu iko wapi?"

Mei alionyesha mkoba wa ukutani. "Mbili, rafiki," alisema kwa Kiswahili alichookota kwa wateja. "Mbili tu."

Bosi alimwambia Mei maneno machache kwa Kichina, naye akavua aproni. Sikuhitaji mkalimani.

Akitoka, aliona kamba ya kiatu changu imefunguka, akachuchumaa kunifungia kama kawaida yake. Sarafu ilikuwa soksini. Niliogopa kuiacha chumbani Mama asije akaiona. Vidole vyake viliigusa, vikatulia. Akaniangalia usoni, kwa muda mrefu. Niliuogopa mkanda wa Mama, nikatazama sakafu. Akamaliza kufunga kamba, akanivutia soksi juu, akaenda zake.

Miaka mingi nilijidanganya kwamba hakujua. Sasa nina wanangu, na wakikosa huwatazama vivyo hivyo, nikiwapa nafasi ya kusema wenyewe. Mei alijua. Alikuwa ananisubiri, nami nikanyamaza.