Utani Uliovunja Ushirika wa Upepo

Fundi cherehani wetu tulimwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, Mkasi alimjibu bila kuinua macho: "Gauni halijanenepa, mama." Wengine walipeleka nguo zisizo na kasoro, ili mradi wakae kwenye benchi lake wacheke.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Yeye maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Umeme ulikatika kila mara, na ndoo za wateja zikabaki zimepanga foleni zenyewe mlangoni. Akaanza kuulizia huku na huko, mpaka akasafiri kwenda kuona mji ambao wakazi wake walikuwa wamechangishana, wakasimamisha mtambo wa upepo na kuumiliki wenyewe. Aliporudi akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule.

"Kilimani kwetu upepo haulali," alisema, akisoma karatasi yake. "Tuunde ushirika. Kila mwanachama kura moja, awe nacho asiwe nacho. Umeme tutumie sisi, ziada tuuze."

Mikono ilishaanza kuinuka Mkasi aliposimama.

"Wifi, leo unatuuzia upepo. Kesho si utatuuzia vivuli vyetu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mikono ikashuka, mingine ikienda kufuta machozi. Wifi alijaribu kutabasamu, akashindwa, akakunja karatasi yake. Mkutano ukaishia hapo, na mwingine haukuitishwa.

Miaka ikapita. Ikaja kampuni kutoka mbali, ikakodi kilima, ikakizungushia uzio. Mitambo ikasimama, mapanga yakizunguka kutwa kucha, na nyaya zikapita juu ya mapaa yetu kwenda kwa wengine. Kwetu umeme uliendelea kukatika. Wifi akachoka, akafunga mashine, akahamia kwa binti yake.

Mkasi alichelewa sana kumfuata. Alimkuta akikunja nguo za wajukuu, akaketi kumsaidia.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi kwa ule utani."

"Mimi na wewe tumetaniana tangu naolewa. Sikununa kwa hilo." Alinyoosha kola ya shati. "Ila niambie. Siku ile uliona nadanganya?"

Mkasi angeweza kuitikia, yakaisha. "Hapana. Niliona wanakusikiliza wewe. Nikaingiwa na wivu."

"Basi hilo ndilo lililoniuma."

Wakaendelea kukunja. Alipoaga, wifi alimsindikiza mpaka barabarani, lakini hakumwambia karibu tena.

Mwaka jana majirani waliitisha mkutano wa kununua kwa ushirika pampu ya maji inayotumia jua. Mkasi alifika wa kwanza, akakaa mbele. Waliokuja hawakujaza hata safu mbili. Wengine walichungulia mlangoni, walipomwona wakauliza kama leo atawachekesha.

"Leo hapana," alisema. "Ingieni tu mkae."

Wakaenda zao.