Kibanja Kilichogeuka Kibanda

Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua mambo, na pale shuleni walikuwa wakirudia yale yale. Nikazunguka Kimuli, nikazunguka Nyakasimbi, mpaka miaka ya themanini nikaangukia kwenye kinu cha kukoboa kahawa karibu na Ihanda. Kazi yangu ilikuwa kubeba magunia. Meneja alipogundua kwamba herufi zangu zinasomeka, nikawa mwandishi wa taarifa.

Pumba za kahawa hazikumsumbua mtu. Kila jioni jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Burundi zamani, alizibeba kwa kikapu na kuzitandaza chini ya migomba yake. Ardhi yake ilikuwa changarawe tupu. Bila matandazo, kiangazi kingeilaza migomba yote, na yeye na wajukuu wake hawakuwa na chakula kingine.

Ndipo wafadhili waliotupatia mashine wakaleta fomu. Swali la nne: mabaki yanatumika tena wapi? Nikaandika ukweli: "Yanarudi kibanjani." Kwetu kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba, hata mtoto anajua. Lakini mpiga chapa wa makao makuu ya wafadhili, Dar es Salaam, alinihurumia kwa kutojua kuandika, akanisahihishia: "kibandani."

Baada ya miezi miwili ikaja barua ya kutupongeza kwa kibanda chetu cha mabaki. Wageni wangekuja kukiona.

"Tuwaambie ni kosa la chapa," nikasema.

"Wewe! Umeona wapi mtu anarudisha pongezi?" Meneja akanijibu. "Niitie fundi."

Kibanda kikasimama ndani ya wiki moja, na mlango wa bati, kibao cha jina na kufuli la kutosha kulinda benki. Pumba zote zikafungiwa humo ili wageni wakikute kimejaa. Jioni mama akaja na kikapu chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia uliandika."

"Niliandika kibanja, mama. Wao wakasoma kibanda."

"Basi iandikie na migomba yangu barua. Iambie ivumilie."

Kiangazi kikaingia. Mgomba mmoja ukalala, wa pili ukaufuata. Wageni walipofika hatimaye, walisoma kibao, wakapiga picha mlango, wakanywa soda. Hakuna aliyeulizia ufunguo.

Gari lao lilipoondoka nikamwambia Meneja, "Mzee, hawakuingia ndani."

Akakigeukia kibanda. "Na taarifa ijayo itasema kimejaa?"

"Itasema."

Akanirushia ufunguo.

Mama alibeba pumba siku tatu mfululizo. Migomba saba ilikuwa imekwenda, iliyobaki ikasimama. Mimi nikaendelea kuandika kwamba kibanda kimejaa, na sikusema uongo. Mama alikuwa amefungia mbuzi wake humo.