Dada na Shelfu ya Kwa Mkwe

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari midogo imejaa mdomoni, simu ilipoita. Aliyepiga ni fundi wa majokofu ya chanjo katika hospitali alikofanya kazi dada yangu, mtu ambaye sote tulimwita Daktari wa Friji. Huyu bwana hakuwahi kunisalimu bila utani. Kwa kawaida angeanza, "Mganga wa makochi, wagonjwa wako wameamkaje?" Siku ile hakutania. Aliniita kaka.

"Kaka, uko na nani hapo?"

Nikatema misumari kiganjani. "Niko peke yangu."

"Tafuta mtu ukae naye, halafu unipigie."

Sikutafuta mtu. Nikamwambia aseme. Akasema dada ameanguka kwenye korido ya stoo, wamemkimbiza wodini, na madaktari aliowahudumia miaka yote wamefanya kila walichoweza. "Mungu amemchukua, kaka." Nilikaa juu ya lile kochi lisilo na kitambaa, nikalitaja jina la Mungu. Kazi ya Mungu haina makosa: maneno hayo nimeyasema kwenye misiba ya watu wengi. Siku ile niliyasema polepole, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Naandika habari zake kwa ajili ya wajukuu watakaozaliwa na kumjua kwa picha tu. Picha zake zote amenuna. Alikuwa anaamini kucheka mbele ya kamera ni kujirahisisha. Nyumbani alicheka sana.

Dada alikuwa kifungua mimba wa wazazi wetu, mimi kitinda mimba. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyeninyoosha, kwa maneno na kwa mwiko. Mumewe alitangulia mapema, akamwachia binti mmoja, mpwa wangu, ambaye sasa ni muuguzi. Dada aliingia stoo ya hospitali akiwa msichana wa kubeba maboksi, akapanda mpaka akawa mkuu wa stoo. Wenzake walimwita Mama Funguo. Dripu, glavu, sindano, nyuzi za kushonea vidonda, vyote vilipita mikononi mwake.

Katika stoo ile kulikuwa na shelfu moja ya nyuma, imezibwa kwa makatoni matupu. Dada aliipa jina: kwa mkwe. Maana kwa mkwe hakuendwi ovyo, na ukienda unabisha hodi. Humo aliweka vitu ambavyo havikuonekana kwenye hesabu. Kila alipoagiza mzigo kutoka bohari kuu aliongeza kidogo juu ya mahitaji, na ile ziada ikaenda kwa mkwe. Wodi ikipiga kelele kwamba dripu zimekwisha, Mama Funguo anapotea nyuma, anarudi na boksi. Wauguzi walimpenda kwa hilo. Yeye mwenyewe aliliona kuwa ni ibada. Aliwahi kuniambia kwamba kuna akina mama waliotoka leba wazima kwa sababu ya shelfu ile, nami namwamini.

Kisha uongozi ukatangaza kwamba stoo zote zitaendeshwa kwa namna mpya. Kila mkuu wa stoo sharti awe na cheti cha kitaalamu cha mageuzi ya mnyororo wa ugavi, yaani kujua kuipanga upya safari nzima ya bidhaa, tangu inapoagizwa mpaka inapomfikia mgonjwa. Asiyefaulu mtihani, hata akiurudia mara moja, atakabidhi stoo kwa aliyefaulu. Dada alikuwa karibu na umri wa kustaafu, lakini kukabidhi stoo akiwa hai na nguvu zake, hapana. Akajiandikisha pamoja na Daktari wa Friji, ambaye naye alitakiwa kuwa na cheti kwa ajili ya chanjo.

Mtihani wa kwanza Daktari wa Friji hakwenda kabisa, alisema tumbo limemkata. Dada alikwenda, akafeli. Alikuja karakana kwangu akakaa kwenye kiti cha mteja ambacho nilikuwa nimeking'oa springi.

"Hiki kiti kina njaa," alisema, "kinanimeza." Halafu akasema, "Nimefeli, mdogo wangu. Hata wewe uliyekuwa unatoroka kipindi cha hesabu hukufeli hivi."

"Mimi nilikuwa sifiki kwenye mtihani wenyewe, dada. Ungefuata nyayo zangu."

Akanirushia kipande cha sponji.

Tangu hapo, kila alipotoka kazini alipitia karakana, na Daktari wa Friji nyuma yake. Mimi nimesoma mpaka sekondari tu, lakini kusoma maswali kwa sauti naweza. Basi nilikuwa nagonga misumari huku nawauliza. Maana ya maneno dada aliimeza yote. Kilichomshinda ni maswali ya visa, ambapo unaelezwa jambo limetokea na wewe useme utafanya nini.

Nikasoma: "Hospitali imeishiwa dripu kabla mzigo mpya haujafika. Mkuu wa stoo afanye nini kwanza?"

"Aende kwa mkwe," dada akajibu papo hapo.

Daktari wa Friji akaangua kicheko. "Mama, msahihishaji hana mkwe!"

"Basi asipate mgonjwa."

"Kitabu kinasema atoe taarifa ya upungufu kama ulivyo, atafute chanzo, ndipo aazime kwa kuandikisha."

"Atoe taarifa! Mtu anakufa, mimi natoa taarifa!"

Kila jioni ilikuwa hivyo. Alijua jibu la kitabu, lakini mkono wake ulikataa kuliandika. Nilimwambia, "Dada, andika wanachotaka, upate cheti, urudi kwenye shelfu yako." Mpwa wangu alikuwapo siku hiyo, akasema, "Mjomba, mama hajui kuandika asichoamini. Ndiyo maana hata kadi za harusi hunipa mimi niziandike."

Kilichombadilisha hakikutoka kitabuni. Siku moja Daktari wa Friji alirudi kutoka kutengeneza jokofu kwenye zahanati ndogo upande wa pili wa mji. Alikuta wamewarudisha nyumbani wagonjwa wenye vidonda kwa kukosa nyuzi za kushonea. Bohari kuu iliwaambia hazipo. Alilisimulia kama habari za kawaida. Dada aliweka chini kikombe chake, akaaga. Kesho yake alifika karakana hajavua hata koti la kazi.

"Nimebisha hodi kwa mkwe," alisema. "Nyuzi zimejaa. Maboksi na maboksi. Zimeisha muda."

Hakuna aliyetania. Alikaa, akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Kwa kuwa alikuwa anaziba kila upungufu kwa siri, hesabu hazikuwahi kuonyesha upungufu. Kwa kuwa aliomba zaidi ya mahitaji, na wenzake wa stoo nyingine waliomba vivyo hivyo, bohari kuu ilizoea kukata maombi ya kila mtu. Mwenye kukatwa ndipo anazidi kuongeza. Zahanati ndogo, isiyojua kuongeza, ndiyo ilikatwa mpaka ikabaki mikono mitupu.

"Nilikuwa nawapa wangu chakula cha watoto wa jirani," alisema. "Na kingine nimekiacha kikaoza."

Tulisali pale pale, kati ya makochi. Sala aliiongoza yeye, na haikuwa ndefu.

Aliyoyafanya baada ya hapo yalimgharimu. Alikwenda kwa mganga mkuu wa hospitali akamwonyesha shelfu yote. Mganga mkuu akasema, "Mama Funguo, hata wewe?" Akaamua kwamba vilivyo hai viingizwe kwenye hesabu, vilivyokufa viteketezwe kwa utaratibu, na suala lake lingojee mtihani wa marudio. Akifaulu, atabaki na stoo na kuipanga upya. Akifeli, atakabidhi.

Dada akaagiza mzigo uliofuata kwa kipimo cha mahitaji tu, bila kuongeza hata boksi. Bohari kuu, kwa mazoea, ikaukata. Walidhani ameongeza kama kawaida yake! Wodi zikaishiwa glavu, na nyuma hakuna kitu. Wauguzi waliomsifu wakamgeuka. Mmoja alimwambia mbele za watu, "Siku hizi unasomea kutunyima?" Binti yake mwenyewe, aliyekuwa zamu, alimshona mgonjwa akiwa amebakiwa na jozi ya mwisho ya glavu. Jioni alimjia juu mama yake.

"Mama, ungeweka akiba hata kidogo! Kidogo tu!"

"Nikiweka kidogo, mwanangu, nitaweka na kingine."

"Na mgonjwa?"

"Nimeazima hospitali jirani, kwa kuandikisha. Zinafika asubuhi. Na bohari kuu nimewaambia ukweli, kwamba tumeishiwa. Nimeona aibu kuandika neno hilo kuliko siku niliyofeli."

Shinikizo la damu alikuwa nalo muda mrefu, na dawa alikunywa. Sitasema ni glavu zilizomuua. Mungu ndiye anayejua saa ya kila mtu. Nasema tu kwamba wiki zile alikonda, na aliposimama alishika ukingo wa meza.

Mzigo mwingine ulipoagizwa, bohari kuu iliuleta wote, bila kukata. Alinipigia simu nikiwa kwa mteja. "Umekamilika, mdogo wangu! Wote!" Siku hiyo alikuja karakana, nikamsomea kile kisa cha dripu. Alijibu bila kusita, hatua kwa hatua, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia jambo aliloliona. Daktari wa Friji akasema, "Sasa nakuogopa. Nitakaa nyuma yako nichungulie." Dada akamjibu, "Ukae mbele, tumbo likikukata nikuone."

Wiki ya mtihani ndiyo aliyoanguka.

Mazishi yaliangukia siku ileile ya mtihani, kwa kuwa ndugu wa mbali walikuwa bado njiani. Mchungaji alipanga ibada ya asubuhi. Daktari wa Friji na wakuu wa stoo wengine waliosomea cheti hicho walikuja nyumbani kusema hawatafanya mtihani, watamzika mwenzao kwanza. Mpwa wangu aliinuka kutoka mkekani, macho yamemvimba.

"Mnataka mama aamke awafukuze? Nendeni mkafanye."

"Binti yangu, tutakwendaje?" Daktari wa Friji alisema. "Tulikuwa wote."

"Wewe ndiyo kabisa. Safari hii usiseme tumbo."

Nikamfuata mchungaji, nikamwomba asogeze mazishi mpaka alasiri. Akakubali.

Siwezi kusema dada angefaulu. Watu waliniambia hivyo siku nzima, wakidhani wananifariji. Mtihani hakuufanya, na asiyefanya hana alama. Mganga mkuu alisema tu kwamba alifanya naye kazi, na kwamba alimwambia ukweli kabla hajaulizwa. Nilishukuru kwa kuwa hakuongeza kitu.

Tulifika makaburini jua likiwa limeanza kupoa. Mchungaji alisubiri. Wale wenzake wakafika wakitembea haraka, na mashati yao ya mtihani, kalamu zimebaki mifukoni. Hakuna aliyewauliza mtihani umekwendaje. Waliomba kulibeba jeneza hatua za mwisho, tukawaachia. Mchungaji akasoma, tukaimba ubeti mmoja, wa pili ukatushinda. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mpwa wangu akatupa udongo, nami nikafuata, kisha Daktari wa Friji, kisha wengine. Wanaume wakashika makoleo mpaka kaburi likajaa. Tukaweka maua, tukaomba, mchungaji akatubariki, tukaondoka.