Gorfa Iliyonipita

Katika kipindi cha Kiingereza, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akaniuliza maana ya heirloom. Nikamwambia ni kitu cha thamani kinachobaki katika ukoo, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kwa mtoto, nikarudia, si kwa mke wa mtoto! Wanafunzi wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za mke wa mtoto.

Mke mwenyewe ni wifi yangu. Mama alipokuwa mgonjwa, kabla hajafariki, alimkabidhi yeye gorfa yake, chombo cha maziwa ambacho nyanya yetu alikisuka kwa mizizi na kukitia mikanda ya ngozi. Alipofariki, mbuzi wake waligawanywa na shekhe kwa sheria ya mirathi, na fungu langu dogo kuliko la kaka nililipokea bila kununa. Gorfa hakuna aliyeitaja. Mimi, binti wa pekee, siku ya harusi yangu mama alinipa thamosi. "Wewe ni mtu wa ofisi," alisema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Basi niliona wivu, na sitaki kuupamba kwa jina lingine. Kila nilipokwenda kwa kaka, hapa hapa mjini Isiolo, macho yangu yalitangulia kwenye msumari wa jikoni ilipotundikwa gorfa. Wifi aliifukiza gorfa kwa kijinga cha moto kama mama alivyofanya, akatia maziwa ya ngamia, na chai ikaja na ule moshi. Nilikuwa nakaribishwa chai ya mama yangu kama mgeni, na nikishukuru roho inaniuma. Kwangu maziwa yanatoka kwenye pakiti.

Jioni ya kipindi kile nilifungua kamusi kubwa ya shule, nipate la kumwambia wifi. Nusu ya kwanza ya neno, heir, ilinifurahisha sana: ni mrithi, na Waingereza waliipata kwa Wafaransa, ambao waliitoa kwenye Kilatini. Nusu ya pili, loom, ikaniharibia. Siku hizi ni mtambo wa kufumia nguo, lakini zamani ilikuwa kifaa chochote cha kazi. Kumbe wazee wao walikuwa wanasema juu ya kifaa ambacho mrithi anakipokea na kuendelea kufanya nacho kazi. Niliifunga kamusi. Nusu ya kwanza ilinitosha.

Jumamosi nikaenda kwa kaka. Binti yangu alikuwa ametangulia huko tangu asubuhi, kama kawaida yake kila wikendi, na mimi nilidhani anafuata televisheni. Nilimkuta jikoni amechuchumaa, anazungusha kijinga ndani ya gorfa, uso ameugeuza upande kukwepa moshi, na wifi kando yake.

"Salaam aleikum," nikasema. "Nimekuja tuongee juu ya gorfa ya mama yangu."

"Aleikum salaam, wifi. Hata mimi nilitaka tuongee." Akafuta mikono kwenye leso. "Mimi nimezaa vijana tupu. Hii ni ya huyu msichana. Akiolewa ataenda nayo."

"Nani amesema?"

"Mama mwenyewe. Aliniambia nimfundishe, niiweke mpaka akue. Alisema nisikupee wewe, utaiweka kwa kabati ya sebule wageni waiangalie."

Nilitaka kubisha. Tatizo ni kwamba mahali pale kabatini nilikuwa nimeshapaondolea vikombe.

Nilipaswa kufurahi. Gorfa ilikuwa inarudi kwa damu yangu, tena bila ugomvi. Lakini nilimtazama yule mtoto, jinsi alivyoifunika na kuitikisa kwa mkono uliozoea, nikamwonea wivu, mtoto niliyemzaa mwenyewe. Mama alikuwa amemwona yeye. Mimi alinipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa.

Binti yangu akaniletea kikombe, amekishika kwa mikono miwili.

"Onja, mama. Leo nimetengeneza peke yangu."

Ilikuwa chai ya mama, moshi ule ule. Nilikunywa hadi tone la mwisho, kisha nikamwambia imezidi sukari.