Kunde za Mama na Duka la Bwana Shamba

Nikimwona mtu anauza dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda, hadi leo damu inanichemka. Watu wa nyumbani kwangu wanajua. Tukipita sokoni hunivuta mkono tuendelee na safari.

Mama yangu alikuwa na bustani Korogwe ya zamani, upande wa mtoni, kwenye udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Alilima kunde za majani, mchicha, bamia na matuta machache ya nyanya. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye mkonge, kwa hiyo bustani ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha.

Adui wa kunde ni vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaojazana kwenye ncha changa na kunyonya utomvu mpaka jani linajikunja. Adui wa nyanya ni nzi weupe. Ukitikisa shina wanaruka kama unga uliopulizwa. Mama hakuwa na papara nao. Asubuhi, umande ukiwa bado majanini, alinyunyiza jivu la jikoni lililochekechwa, kama walivyofanya kwao Kang'ata.

Mengine alifundishwa na bwana shamba wa serikali, aliyekuja kwa baiskeli na kuvua viatu kabla ya kuingia bustanini. Ni yeye aliyemwonyesha kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka mpaka kesho yake, kuyachuja kwa kitambaa, kisha kutia sabuni ya mche kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Ni yeye aliyemwambia atundike dumu la njano la mafuta ya kula karibu na nyanya na kulipaka oili chafu, kwa sababu nzi weupe hupenda rangi ile na watakwenda kunasa wenyewe. Na siku mama alipotaka kumponda mdudu mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, bwana shamba alimshika mkono.

"Huyo mwache, mama," alisema. "Huyo ndiye anayekula vidukari wako."

Nilikuwepo. Nimesimama na ndoo ya maji, nimesikia kwa masikio yangu.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikaruhusu kila mtu afanye biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa mitumba, sabuni za kila rangi na betri kutoka ng'ambo, na kila aliyeweza akafungua biashara. Bwana shamba naye akafungua duka la pembejeo Kilole. Kwa hilo simlaumu, mshahara wa serikali ulikuwa haufiki popote. Namlaumu kwa alichouza. Aliuza dawa ya pamba, aliyoipima kutoka kwenye pipa na kuitia kwenye chupa za soda, kizibo kipande cha gazeti, bila neno lolote la kueleza ni nini wala mtu asubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Na aliwauzia akina mama wa mboga.

Pamba haiingii chunguni! Kunde jani lake ndilo mboga yenyewe. Wenzake mama walipulizia jioni, alfajiri wakachuma, na majani yakafika sokoni yanang'aa, hayana tundu wala kidukari. Wachuuzi wa Tanga waliyagombania. Za mama zilikuwa na jivujivu, na hapa na pale jani limejikunja. Waligeuza fungu mara moja tu, wakasema, "Mama, zako zina wadudu," wakaenda meza ya pili.

Bwana shamba alipita bustanini siku moja, safari hii hakuvua viatu. "Jivu ni mambo ya kizamani, mama," alisema. "Dunia imebadilika, utaachwa nyuma."

"Na yule mwekundu mwenye madoa," mama akamwuliza, "dawa yako inamjua?"

Alicheka, akapanda baiskeli.

Kuku wa jirani yetu, mmoja wa akina mama waliopulizia, walikula mabaki ya kunde zake, wakafa karibu wote. Bwana shamba akamwambia ni ugonjwa wa mdondo, na bila haya akamuuzia dawa ya mdondo.

Mama akawa anarudi jioni na tenga limejaa. Alianza kusema kwamba masika ikifika hali ikiwa hivihivi, ataiacha bustani. Aliyasema akichambua mchele, hakuniangalia usoni, na mimi nilikasirika.

Asubuhi moja sokoni alikuja mke wa bwana shamba. Tulimjua vizuri. Alitembea kutoka Kilole, akapita meza zote zenye majani yanayong'aa, akasimama kwetu.

"Shikamoo, mama. Naomba kunde, na mchicha."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umewapita wenzangu? Zao nzuri."

Yule mwanamke alisita. Hakuwa mtu wa kusema uongo, masikini. "Baba watoto kasema mboga ya kula nyumbani nichukue kwako tu," alijibu. "Zile za dawa kakataa zisiingie ndani."

Jirani yetu wa kuku alikuwa meza ya pembeni, akasikia. Alikusanya mafungu yake yote kwenye kanga, akashika njia ya Kilole, na sisi tukamfuata, mama, mimi na akina mama wengine. Mke wa bwana shamba naye alikuja nyuma, kikapu mkononi.

Dukani jirani aliyamwaga majani juu ya meza, mbele ya bwana shamba. "Nimemletea mkeo mboga," alisema. "Nimechuma leo."

Bwana shamba aliyatazama, akarudi hatua nyuma. Mkewe, kwa aibu, alianza kuyakusanya. Hapo mumewe akaruka, akamshika kiganja, vilevile kama alivyomshika mama siku ile bustanini.

"Usiziguse hizo," alimwambia. "Kanawe kwanza, kwa sabuni."

Jirani yetu hakupandisha sauti. "Mbona mimi hukuniambia ninawe?" aliuliza. "Watoto wangu wamezila mwaka mzima."