Mlango Mmoja wa Tajudini

Wakazi wote wa Bujumbura, wenyeji na wapita njia, mnatangaziwa kwamba Kinindo imepata ngome isiyopenyeka. Amiri jeshi wake ni Tajudini, muuza vipuri vya pikipiki aliyehamia kutoka Nyakabiga. Makao makuu ni ruta, kisanduku cheupe chenye antena mbili, juu ya kabati la vyombo. Adui akae macho.

Nyumba si yake. Ni ya dada yake Houda, aliye Ubelgiji, aliyemweka humo kwa sharti moja: alale vyumba vya nyuma, na salo isikaliwe na mtu. Mna makochi ya rangi ya maziwa, bado yamevaa nailoni, na zulia la Uturuki. Siku Houda atakapoona kisigino juu ya zulia lile, Tajudini anarudi Nyakabiga kwenye chumba kimoja, yeye na mkewe Fadhila, ambaye alishazoea upepo wa ziwa.

Basi Houda akatuma kamera mbili, moja ya getini, moja ya salo, azitazame akiwa kulekule Liège.

Mtu mwaminifu angefungua zote. Tajudini alitazama video kadhaa, akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akakaza pare-feu, ule ukuta unaozuia wageni wa mtandao, mpaka hata inzi asipite. Kisha akatoboa mlango mmoja tu: anayebisha kutoka nje aelekezwe kwenye anwani namba kumi, kamera ya getini. Ya salo, namba kumi na moja, akaifungia. Palikuwa na sehemu ya kufunga kila kamera na namba yake isihame. Akairuka. Kamera imepigiliwa misumari ukutani, itahamia wapi?

"Milango miwili ni hatari, dada," alimweleza Houda kwa simu. "Wezi ya mutandao inaingia humo humo."

"Kumbe we umesoma, Taju!"

"Mi najaribu tu."

Ngome yenyewe ilikuwa hivi: nenosiri la Wi-Fi alikuwa nalo kila jirani, maana jirani utamnyimaje? Kwa sababu hiyohiyo, Sylvère wa nyumba ya pili alipokuja kuomba salo ya kupokelea wakwe, watu wanaoleta mahari ya binti yake Laure, Tajudini hakuthubutu kusema hapana.

"Kwangu ni padogo, na wale watakuja na magari," alisema Sylvère. "Na musemaji wetu ni we."

Hapo amiri jeshi akasalimu amri. Tangu azaliwe alikuwa hajapigiwa makofi.

"Na dada yako?" aliuliza Fadhila.

"Anaona geti tu. Wageni watapita nyuma."

Kweli, Jumamosi wakwe walipenyezwa kwenye tundu la ua kutoka kwa Sylvère, suti zikinaswa na miiba, mama mmoja akiomba arudishiwe kiatu. Walipoketi, umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikaanza kugawa namba upya. Kamera ya salo, iliyo karibu, ikawahi ikapewa kumi, namba yenye mlango. Ya getini ikachelewa, ikachukua iliyobaki.

Tajudini hakujua lolote. Alikuwa amesimama juu ya zulia, akimsifu Laure hadi Laure mwenyewe akashangaa. Mbele yake palikuwa na chungu cha impeke, pombe ya mtama, na mirija mirefu. Yeye hanywi. Alikuwa tu amemshikia mrija mzee wa upande wa pili aliyekwenda chooni, asije akaporwa nafasi. Simu ikaita.

"Taju, nyumbani salama?"

"Salama kabisa, dada. Getini apana mutu."

"Geti sioni. Naona makochi yangu. Naona mama anapangusa mikono kwenye nailoni. Naona we, mutoto wa hadji, na murija mukononi. Hotuba pia nimesikia."

Fadhila alikuwa ameshaanza kukunja kanga zake. Tajudini aliinua macho kwenye taa ndogo ya kijani ya kamera, pembeni mwa dari.

"Sema basi, musemaji!" alisema Houda.

"Mulango inafanya kazi, dada."