Mbweha wa Mwalimu Kokushubira

Katika miaka thelathini na minne aliyofundisha shule za msingi, Mwalimu Kokushubira hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba amekosea. Si kwamba hakukosea. Siku moja aliandika ubaoni kuwa saba mara nane ni hamsini na nne, na mtoto mmoja aliponyoosha mkono, akamjibu kwamba alikuwa anawapima kama wako macho. Alipostaafu alirudi kwenye kibanja chake hapo Nyaishozi, akapanda migomba mipya, akafuga kuku wa kienyeji arobaini. Kila kuku alimfunga uzi wa bluu mguuni, maana hakutaka kuku wake wachanganyike na kuku wa watu wasio na nidhamu.

Haukupita muda kuku wakaanza kupungua. Leo mmoja, baada ya siku nne wawili. Siku moja akakuta mguu wa kuku wenye uzi wa bluu kwenye mpaka wa shamba la jirani yake, Rweyemamu, mkulima wa kahawa aliyefiwa na mkewe. Rweyemamu alikuwa na mbwa wa rangi ya kijivujivu, mwenye miguu mirefu na sikio moja lililolala, anayeitwa Askari. Kwa Mwalimu, ushahidi ulikuwa umekamilika. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Mwalimu, huyo ni mbweha," Rweyemamu alijitetea mbele ya mwenyekiti. "Nimemsikia akilia kule bondeni."

"Mbweha!" Kokushubira alisema. "Nyaishozi hii yenye umeme na bodaboda kila kona? Mbweha atoke wapi?"

Mwenyekiti alikuwa amesoma darasa la tatu kwa Mwalimu Kokushubira, na hadi leo akimwona huficha mikono nyuma. Akaamua kwamba mbwa afungwe mnyororo, usiku na mchana. Rweyemamu hakubisha. Aliendelea kumsalimia jirani yake walipokutana kanisani, lakini lile chane la ndizi alilokuwa akimletea kila alipokata mkungu halikuonekana tena. Na kuku waliendelea kupotea. Mwalimu akasema mbwa amejifunza kujifungua mnyororo.

Mambo yalikwenda hivyo mwaka mmoja na miezi miwili, mpaka Jumanne moja ya mwezi wa sita. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, Kokushubira anafagia mbele ya nyumba, aliposikia honi ya lori barabarani, halafu kishindo. Lori halikusimama. Alipofika barabarani alikuta mnyama amelala ukingoni, pua nyembamba, mstari mweupe ubavuni. Ncha ya mkia wake nayo ilikuwa nyeupe, ingawa sehemu kubwa ya mkia huo ilikuwa imekanyagwa na tairi na kusagika. Mdomoni alikuwa bado amembana kuku. Kuku alikuwa na uzi wa bluu.

Mwalimu akatazama upande wa Kayanga. Hakuna mtu. Akatazama upande wa pili. Hakuna mtu. Mtaro ulikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, tena wenye majani marefu. Angemsukuma mnyama kwa mguu, na dunia nzima isingejua kitu. Alisimama pale kama dakika tatu, akiwa ameshika ufagio. Ndipo ng'ambo ya migomba akasikia mnyororo wa Askari ukiburuzwa, mbwa anazunguka mti wake, kwenda na kurudi. Kokushubira akavua kanga yake ya begani, akamfunga mbweha, akambeba nyumbani.

Jikoni alijaribu kufanya mazoezi. "Baba Ainebyona," aliliambia sufuria kana kwamba ndilo Rweyemamu, "nimekuja kukwambia kwamba ni... kwamba mimi nime..." Neno likakwama. Akanywa maji, akajaribu tena, likakwama palepale. Basi akarudi kwenye ile kanuni aliyoishi nayo tangu chuo cha ualimu: jambo likiwa gumu kulieleza, tafuta zana ya kufundishia. Angempeleka mbweha kwa Rweyemamu, akiwa amesimama wima, amekaushwa vizuri, na mbweha mwenyewe ndiye angezungumza.

Alimpigia simu Joyness, ofisa wa wanyamapori ambaye naye aliwahi kumfundisha.

"Shikamoo, Mwalimu," Joyness alisema, na sauti yake ilionyesha kabisa kwamba amesimama.

"Marahaba. Nina mbweha hapa amegongwa na gari. Nataka akaushwe."

"Mwalimu, samahani sana, huyo ni nyara ya Serikali. Huwezi kumweka nyumbani kwako."

"Nani kasema nyumbani? Nimesema zana ya kufundishia."

Joyness akafikiri, akashauriana na wakubwa wake, na saa nane mchana alikuja mwenyewe na pikipiki, akapiga picha, akaandika barua. Mnyama akaushwe kwa ajili ya elimu, na ikifika mwisho wa mwezi wa saba awe amekabidhiwa shule ya msingi. Mwalimu aliisoma barua, akasahihisha herufi mbili kwa kalamu nyekundu, akashukuru.

Fundi wa kazi hiyo aliishi Rugu. Aliitwa Gideon, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mfanyakazi kwenye karakana moja ya kukausha wanyama huko Arusha. Kokushubira alifika kwake kwa bodaboda, mbweha akiwa ndani ya kiroba na chumvi kilo tano. Sebuleni kwa Gideon palikuwa na kanga aliyekaushwa, mzuri kiasi kwamba Mwalimu alimpisha apite.

"Bei zangu ni tatu, Mama," Gideon alisema. "Laki tatu na nusu, unapata mnyama mdomo wazi, meno na ulimi, macho ya kioo kutoka Nairobi. Kwa laki mbili na nusu, mdomo umefungwa, lakini macho ni yaleyale. Laki moja na nusu, ni mnyama wa kawaida."

"Wa kawaida ana upungufu gani?"

"Hana upungufu. Ila namjaza maranda, na macho natumia nilichonacho."

"Laki na ishirini."

"Mama, mkia wenyewe haupo. Itabidi nimtengenezee mwingine. Na mbweha sijawahi kumfanya, nimezoea pofu na nyati. Una picha yake akiwa hai?"

"Akiwa hai alikuwa anakula kuku wangu, sikupata nafasi ya kumpiga picha. Laki na ishirini."

Gideon alikuwa mtu mpole, na wanawake waliostaafu ualimu walimmaliza nguvu kabisa. Akakubali. Alimwonya mara mbili kwamba kazi ya bei hiyo asije akailinganisha na yule kanga. Mwalimu alisema hana shida, mbweha ni mbweha.

Wiki tano baadaye kazi ililetwa Nyaishozi kwa bodaboda, imefungwa shuka. Kokushubira alifunua akiwa peke yake sebuleni, akakaa chini taratibu.

Ngozi ilishonwa vizuri, hakuna la kusema. Lakini maranda yalikuwa yamejaa mno shingoni na mashavuni, ile pua nyembamba ikawa nene, na mstari wa ubavuni ukapotelea kwenye mshono. Macho yalikuwa gololi mbili za kahawia, na zilimpa mnyama sura ya mtu aliyetajiwa bei ya saruji. Mkia mpya ulikuwa wa kijivu mtupu, bila ncha nyeupe. Sikio moja lilisimama; la pili, kwa sababu waya ulikuwa umeisha, lilikuwa limelala.

"Kwani huyu ni nani?" Mwalimu alijiuliza, maana alihisi anamfahamu.

Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku mbili, na Joyness alikuwa ameshapiga simu. Jumamosi asubuhi Kokushubira alivaa gauni lake la kanisani, akamfunika mnyama kitenge, akambeba kupita katikati ya migomba hadi kwa jirani. Rweyemamu alikuwa anaanika kahawa kwenye turubai.

"Baba Ainebyona, habari za asubuhi."

"Nzuri, Mwalimu." Rweyemamu alishangaa, kwa kuwa hakuwahi kumwona hapo tangu ile kesi. "Karibu."

Mwalimu akaweka mzigo chini, akaondoa kitenge, akarudi nyuma hatua moja, kama alivyofanya darasani baada ya kutundika ramani.

Rweyemamu akatazama. Reki ikamtoka mkononi. "Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "umemuua Askari?"

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshakimbia nyuma ya nyumba. Kokushubira alisikia mnyororo, akasikia mzee anasema "Mwanangu, mwanangu," halafu wakatokea wote wawili. Askari alikuwa mzima. Akasimama mbele ya mwenzake, sikio moja juu na jingine limelala, na yule mwingine vilevile. Akanguruma, akanusa, akatikisa mkia.

Hapo sura ya Rweyemamu ikabadilika. "Nimeelewa," alisema. "Mwaka mzima na zaidi mbwa wangu yuko kwenye mnyororo, haikutosha. Sasa umemchongea sanamu yake unitembezee kijijini, watu wamwone mwizi hata wasipofika kwangu!"

"Huyu si mbwa!"

"Si mbwa? Mtazame!"

Mwalimu akamtazama. Kwa kweli, alikuwa mbwa. Barua ya Joyness ilikuwa nyumbani juu ya kabati, na zana ya kufundishia ilikuwa inamtumbulia gololi zake bila msaada wowote. Jasho likamtoka chini ya kilemba.

"Ni mbweha," alisema. "Aligongwa na lori, mdomoni ana kuku wangu. Nimemwona kwa macho yangu. Fundi amemharibu kwa sababu nilibania pesa. Wewe ulisema mbweha, mimi nikasema mbwa. Nimekosea."

Rweyemamu akainamisha kichwa kidogo.

"Sijasikia vizuri, Mwalimu. Rudia, na utoe sauti."

"Nimekosea!"

"Sentensi kamili."

"Nimekosea kumsingizia mbwa wako, Baba Ainebyona, naomba unisamehe!" alipaza sauti hadi wapita njia wawili barabarani wakasimama. Baada ya kulisema aliona kwamba bado yuko hai, na kahawa bado iko kwenye turubai, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Rweyemamu hakumtazama akilia. Aliinama, akamfungua Askari mnyororo, na mbwa akasimama palepale, hajui la kufanya, mpaka alipopigwa kofi dogo mgongoni. Ndipo alipotoka mbio, akapita juu ya kahawa yote, akazunguka nyumba mara nne. Rweyemamu alianza kucheka. Alicheka akiwa ameshika magoti, akielekeza kidole kwenye gololi, mpaka Mwalimu naye akacheka ndani ya kitenge.

Mbweha alipelekwa shuleni kwa tarehe iliyopangwa. Kokushubira aliandika mwenyewe kibao kwa herufi kubwa, MBWEHA, na chini yake, kwa herufi ndogo, akaeleza kuhusu ncha nyeupe ya mkia ambayo haipo. Gideon alipopata habari alijitolea kumrekebisha kwa elfu themanini. Mwalimu alisema aachwe alivyo.

Mwezi wa tisa kuku wawili wakapotea tena. Kokushubira alikwenda kwa jirani yake asubuhi hiyohiyo, akamkuta anakunywa uji, Askari amelala mlangoni.

"Sitaji mtu," alisema. "Nauliza tu."

Rweyemamu akamega nusu ya kiazi, akampa. "Yule mbweha wetu alikuwa na mke, Mwalimu. Kunywa uji, halafu tukatafute mbao za banda la kuku."